Futi ya Kumpima Maganga

Mpanda, Jumanne jioni

Leokadia mwanangu,

Nakusikia huko uani unabishana na mama yako juu ya karanga. Wewe unasema ni nyingi, yeye anasema chuoni hakuna shamba. Kwa hiyo hali yako naijua, sina haja ya kuiuliza, na yangu umeiona mwenyewe nikirukaruka na magongo. Barua hii utaikuta kesho treni ikishaondoka. Usiisome mbele ya Maganga. Msubiri asinzie, maana mdomo ukiwa wazi ndiyo utajua amesinzia kweli.

Sitakuandikia habari za kulala mapema, wala za wavulana, wala za kuchemsha maji ya kunywa. Mama yako ameshayasema hayo yote, na mengine ameyarudia. Mimi nataka kujibu swali lako moja tu.

Leo mchana nilipokuambia kwamba utasafiri treni moja na Maganga na mkewe mpaka Dar es Salaam, na kwamba hospitali anayokwenda kutibiwa haiko mbali na chuo chenu cha ualimu, kwa hiyo utakuwa unakwenda kumwona kila Jumamosi, ulinitazama usoni. Halafu ukauliza, "Baba, nitaongea naye nini siku zote hizo?" Nikakujibu, "Mtaongea tu, we si unamjua?" Kisha nikajifanya natafuta randa. Randa ilikuwa mbele yangu, nawe uliiona. Sikukujibu kwa sababu swali hilo hilo nililikosea miaka mitatu iliyopita, kwa mtu huyo huyo, na nilikaribia kumpoteza kwa sababu ya kosa hilo.

Wewe unamjua Maganga kama baba wa asali, anayekuletea masega yaliyofungwa kwenye majani. Mimi nilimjua kabla hujazaliwa. Nilikuja Mpanda kutoka Namanyere na msumeno mmoja, randa mbili na godoro la sufi, nikapata kibanda karibu na stesheni. Siku ya tatu akapita mtu mrefu akisukuma baiskeli yenye madumu ya asali. Akanisikia ninavyoongea na mteja, akasimama.

"Kumbe Mfipa," akasema. "Umekuja kwa treni au kwa ungo?"

Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Na wewe mpagazi, leo umebeba mzigo wa nani?"

Basi, tukawa tumeshajuana. Alikaa kwenye kigogo changu mpaka jua likaelekea kuzama, na asali haikuuzika siku hiyo.

Mfipa na Mnyamwezi ni watani, hilo ulizaliwa ukalikuta: wao hutuita wachawi wa kuruka na ungo, sisi huwaita wapagazi wa kubeba mizigo ya misafara. Ila nyie watoto wa siku hizi mnafikiri utani ni kutukanana tu halafu mnacheka. Babu yako alipofariki ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Bibi yako alikaa siku mbili hajagusa chakula. Wazee walimsihi, padri akamsihi, hakuna kitu. Siku ya tatu Maganga akaingia uani amevaa koti la marehemu na kofia yake, anatembea na bakora yake, anakohoa kama yeye, akafoka, "We mama Yustina, ugali uko wapi? Mtu arudi kutoka mbali namna hii akute jiko limelala?" Bibi yako alimtazama. Akacheka, akalia, akacheka tena, kisha akaenda kuwasha moto. Walikula wote wawili sahani moja. Sisi wanawe tulikuwa tumekaa pale siku zote tukizungumza kwa sauti ya kanisani, hatukumsaidia lolote.

Nami nilimlipa. Mama yake alipofariki kule Sikonge, nilisafiri mpaka huko, kaburi likachimbwa, nikashuka nikalala humo ndani. Nikasema mimi ndiye nimewahi, huyo bibi atafute pengine. Wakanibembeleza, nikakataa, mpaka wakanipa jogoo. Nilitoka na udongo masikioni na jogoo kwapani, na Maganga, aliyekuwa hajatoa chozi wala neno, alinishika shingo akalia vizuri kama mtu. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Mahali ambapo ndugu wote wanaogopa kutaja kifo, yeye anakitaja, tena anakicheka.

Baina yetu sisi wawili utani ulikuwa na mtindo wake, na wewe umeuona mara nyingi ukaudhani ni upuuzi wa wazee. Ile futi yangu ya mbao, ya kukunja, inayokaa mfuko wa shati. Kila Maganga alipofika kibandani niliitoa, nikaikunjua, nikampima kuanzia utosini mpaka kisiginoni, huku natangaza: "Futi sita na inchi mbili! Jamani, Mnyamwezi huyu atanimalizia mbao!" Naye anajinyoosha, anaegemea ukuta kama anayepigwa picha, anasema, "Pima vizuri, Mfipa, usije ukanikunja miguu. Wewe mwenyewe hatutahangaika na jeneza, ungo wako unatosha." Wateja wageni walishtuka. Watu wa Katumba waliokuwa wakileta maharage stesheni walituzoea, wakawa wanakuja kutazama.

Sasa sikiliza kosa langu. Ni makosa mawili, lakini moja lilizaa la pili.

Mwaka ule sauti ya Maganga ilianza kukwaruza. Mimi nikacheka. Nikamwambia amemeza nyuki, na nyuki mwenyewe amegoma kutoka. Akawa anaigiza mlio wa nyuki, watu wanavunjika mbavu. Mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Alikuwa mvutaji wa tumbaku tangu utoto, tukasema ni tumbaku. Alikuwa anapuliza moshi kwenye mizinga, tukasema ni moshi. Masika yalipoanza akakohoa damu kwenye kitambaa, na Nyamizi mkewe hakucheka hata kidogo. Alimkokota hospitali, wakaandikiwa kwenda mbele, na huko mbele wakaambiwa ni kansa ya koo, aende Dar es Salaam akachomwe mionzi. Daktari aliuliza sauti imeharibika tangu lini. Nilikuwepo. Nilihesabu miezi kichwani, na kila mwezi niliona nilivyokuwa nikicheka.

Nyamizi alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo nikasema nitakwenda mimi. Watu walinisifu. Mama yako alinifungia nguo akalia kwa kuniona rafiki wa kweli. Nami nikajiapiza moyoni kwamba kuanzia siku hiyo sitamtania tena Maganga, kwa sababu utani wangu ndio uliomchelewesha. Futi niliitoa mfuko wa shati nikaizika chini kabisa ya begi. Nilikuwa na sababu nyingine ya kuificha, nitaisema.

Tulifikia Buguruni kwa binamu yangu. Siku ya kwanza ya mionzi wakamlaza Maganga juu ya meza, dada mmoja mwenye koti jeupe akampima shingo. Alipima kweli, kwa rula, halafu akachora mistari kwa wino wa zambarau, msalaba huku, msalaba kule, kama mimi ninavyochora ubao kabla ya kuukata. "Mzee," akamwambia, "wino huu usiuoshe mpaka tumalize." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Maganga akageuza macho akanitazama. Mwanangu, alikuwa ananisubiri. Mtu yeyote anayetujua angejua alikuwa anasubiri niseme, "Dada, kumbe u fundi mwenzangu, usikosee inchi hapo." Maneno yalikuwepo kabisa mdomoni. Nikayameza, nikatazama dirishani. Niliporudisha macho, yeye alikuwa anatazama dari.

Kuanzia hapo nikawa muuguzi mzuri sana. Niliongea polepole. Nilisema pole asubuhi, pole mchana, pole jioni. Nilimwambia anaendelea vizuri, kwamba hata uso umenawiri, na huku suruali anaifunga kwa kamba. Kumeza kulipoanza kumuuma, nikaona ni vibaya kula mbele yake, nikawa naenda kulia jikoni nyuma ya mlango, natafuna taratibu nisisikike. Majirani wa binamu walikuja kuomba, tunashikana mikono kumzunguka, naye katikati akiwa na misalaba yake ya zambarau shingoni, anatutazama mmoja mmoja. Nilijiona mtu mwema. Nakiri hivyo kwa sababu nakufahamu, wewe una moyo wa huruma kama mimi, na huruma yetu ina hiyo tabia ya kutaka kujisikia yenyewe.

Wiki ya tatu shingo ilikuwa nyeusi imebabuka. Nyamizi alikuwa ametuma chupa ya asali ya msimu mpya, nikamlambisha kijiko. Akakaa nayo mdomoni, akaitema kwenye kiganja, akanong'ona, "Majivu." Mtu aliyekula asali tangu anajifunza kutambaa. Nilikwenda kuosha kijiko, nikakaa huko nikikiosha muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Jumatatu iliyofuata niliamka nikamkuta amekaa kwenye mkeka, kifurushi chake kimefungwa, viatu vimevaliwa.

"Tunakwenda hospitali saa mbili, siyo sasa hivi," nikasema.

"Siendi." Sauti ilikuwa imebaki pumzi tu. "Nakwenda stesheni. Nataka nikafie kwangu."

"Maganga, umebakiza wiki tatu. Daktari alisema ukikatiza katikati ni sawa na kutokuanza."

"Daktari amesema. Na wewe umesema nini?"

Nikaanza kumwambia Mungu yupo. Akainua mkono kunizuia, maana kila neno kwake lilikuwa na bei ya maumivu na hakutaka kulipoteza kwa kubishana.

"Futi iko wapi?"

Nilishtuka kama mwizi. "Ipo kwenye begi."

"Tangu lini?"

Nikaanza kukunja shuka langu.

"Mfipa, miaka yote hiyo unanipima kila siku, kwa sababu ulijua sifi. Sasa umeificha." Akameza mate, nikaona machozi yanamtoka kwa maumivu ya kumeza. "Fundi anayeficha futi ameshapima. Vipimo vyangu unavyo. Umeshanizika, umebaki kunisindikiza."

Nilikasirika. Nilimfokea kwamba nimeacha kazi yangu na familia yangu kwa ajili yake, na malipo yake ndiyo haya. Nilifoka mpaka binamu yangu akachungulia mlangoni. Maganga alinitazama tu, akasubiri nimalize, kama unavyosubiri mvua. Nilifoka kwa sababu alisema kweli.

Ile sababu nyingine niliyosema nitaitaja ndiyo hii. Jioni ile tuliyopata habari ya kansa, nilirudi nyumbani nikaingia stoo. Nilikuwa na mbao za mninga kutoka Kasekese, nilizozikausha kivulini misimu miwili, safi, hazina fundo wala ufa. Nikachagua sita. Nikazipandisha darini juu ya chumba chetu, nikamwambia mama yako kuna mteja amezishika. Sikuzipima kwa futi, sikuwa na haja. Urefu wa mtu yule niliujua kwa kichwa. Halafu nikapanda treni naye, nikakaa naye kiti kimoja, nikamwambia atapona.

Hayo yote nilimweleza pale pale, nimepiga magoti kwenye sakafu ya binamu yangu. Nililia, Leokadia. Nilimwambia na habari ya nyuki, kwamba nilicheka miezi mitano wakati kansa inamla. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa ile pumzi yake, "Mbao gani?"

"Mninga."

Akainua nyusi. Nilimfahamu, aliridhika.

"Sita?"

"Sita."

"Zinatosha?"

Nikaenda kwenye begi, nikatupa nguo zote sakafuni, nikaitoa futi. Nikamwambia, "Simama, mpagazi." Akajivuta akasimama, akaegemea ukuta kama anayepigwa picha. Futi ikawa inagonga ukuta. Nikasoma, "Futi sita na inchi moja. Jamani, Mnyamwezi huyu amepungua inchi nzima, mbao zitabaki!" Sauti yangu ilikuwa mbovu, ilikatika katikati, lakini nilisema.

Alitaka kucheka, koo likamkatalia. Akashika shingo, akainama, nikadhani nimemuua. Alipoinuka alinyoosha kiganja chake juu, kikiwa kimelala bapa, akakirusha polepole kutoka kulia kwenda kushoto, kama kitu kinachopaa. Nikachelewa kuelewa. Ulikuwa ni ungo. Alikuwa ananijibu.

Saa mbili tulikuwa hospitali.

Usifikiri kuanzia hapo ilikuwa kicheko tu. Wiki mbili za mwisho alikuwa haongei kabisa, anakunywa uji kwa shida, kijiko kimoja kwa muda wa kusali tasbihi nzima. Nilirudi kula mbele yake kwa sababu aliniamuru kwa kidole, akasema baadaye kwamba nikila jikoni alisikia kila punje, na upweke ulimuuma kuliko koo. Kuna siku nilimtania asubuhi, na ile haikuwa siku yake. Akanirushia kikombe cha bati, kikanipata hapa juu ya jicho. Alama hii uliniuliza nikasema ni kipande cha mbao. Nikaokota kikombe. Mchana akaniita mwenyewe kwa ule ungo wa kiganja. Nikajifunza kumtazama macho kabla sijafungua mdomo, na siku nyingine kumtazama na kuufunga. Sina kanuni ya kukupa hapo. Utakosea, nawe utarushiwa kitu, utaokota.

Tuliporudi, hata chai hakunywa kwake kwanza. Alitoka stesheni moja kwa moja mpaka hapa kwetu, akamwambia mama yako kwa sauti ile ya kukwaruza iliyorudi nusu, "Shemeji, nimekuja kuona mbao zangu." Mama yako akaniangalia. Ilibidi nipande darini nizishushe mbele ya wote wawili. Maganga akazipanga uani, akapitisha kiganja juu ya kila moja, akazigonga, akazinusa.

"Mninga mzuri namna hii," akasema. "Mfipa, kumbe ulinipenda kweli."

Mama yako hakusema nami kwa siku nne. Maganga yeye akaniagiza, "Usizirudishe juu, zitaanza kunisubiri. Mtengenezee Mfipa mdogo sanduku, siku moja atakwenda shule mbali."

Ndilo sanduku lako. Lile unalolalamikia kila siku kwamba ni zito na wenzako wana mabegi ya zipu. Misumari yote niliigongelea Maganga akiwa amekaa kwenye kigogo, ananikosoa.

Sasa nakuja kwenye la leo. Uvimbe ule chini ya sikio umeuona, nawe si mtoto. Kansa imerudi. Wameandika aende tena, na safari hii hawakusema wiki ngapi. Mimi ningekwenda. Lile gogo lililoniangukia mguuni lilichagua mwezi wake vizuri. Sijui kama Maganga atarudi Mpanda na miguu yake. Ninaogopa, mwanangu. Nimeogopa wiki nzima hii, na ndiyo maana nimekuwa mkali nyumbani, mnisamehe. Huyu ni mtu ambaye siku nisipomwona stesheni, najiona kama nimesahau kuvaa kitu.

Nyamizi atakuwepo wa kumpikia uji, na ndugu zake wa kule wa kumsindikiza hospitali. Wa kumwambia pole watakuwa wengi mno. Wewe nenda kwa kazi nyingine. Wewe ni Mfipa, ni binti yangu, ni mtani wake kwa haki, hukuomba, na wala usiombe ruhusa. Kula karanga mbele yake hata kama yeye hawezi. Akisema anaona atakufa, usimwambie hafi, hujui. Mwulize anataka nini kiletwe kaburini, michembe ya viazi vikavu au asali. Moyo utakudunda. Wangu ulidunda. Yeye anajua anayemtania kwa sababu hamjali na anayemtania huku miguu inamtetemeka.

Akikosa sauti, tazama mikono yake.

Na ikiwa Jumamosi moja utafika ukute kitanda kimetandikwa, basi lia, usijizuie, halafu uniandikie. Nitakwenda mimi na mguu huu huu, wakinibeba kwa machela nitakwenda, popote watakapomzika, nishuke nikalale humo ndani kwanza. Jogoo wangu wamtafute mapema.

Hayo yakifika tutayakuta. Kesho asubuhi stesheni nitamtukana kidogo, atanijibu, tutaishia hapo, hatutaagana. Wewe usitushangae. Futi nimeiweka ndani ya sanduku, juu ya nguo, umeikuta ulipochukua barua hii. Kibandani nitapimia ya chuma. Behewa likijaa, hilo sanduku mlikalie. Mkishavuka mto Ugalla, akiamka, mwambie asimame, mkamate kiuno asianguke treni ikiyumba, umpime utosini mpaka kisiginoni, utangaze kwa sauti behewa zima lisikie. Atakuuliza kama baba yako safari hii amechagua mbao ngapi.

Mwambie hakuchagua hata moja. Mwambie zile za kwanza ndizo hizo mmezikalia.

Baba yako,
Mfipa mkubwa